Askari, Dagaa, Wakimbizi

Mwezi wa Juni 1894 ofisa mmoja wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alipanda Nyiragongo, akachungulia shimo lake la moto, kisha akateremka hadi Ziwa Kivu na kuendelea na safari kupitia msitu wa Kongo mpaka akatokea upande wa Bahari ya Atlantiki. Alikuwa ameanzia Pangani, pwani ya Bahari ya Hindi, mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na njiani alikuwa amepokewa na Mwami Rwabugiri wa Rwanda. Ujerumani ilimsherehekea. Mwaka 1901 alipewa ugavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akakaa Dar es Salaam hadi 1906, na jina lake likafungamana na vita vya Maji Maji, ambamo askari wake walichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa Tanganyika mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 na kufika 300,000. Götzen alifariki mwaka 1910. Miaka mitatu baadaye Wajerumani waliunda meli kubwa kuliko yoyote iliyokuwa imewahi kuelea Ziwa Tanganyika, wakaipa jina la mtu huyo. Meli hiyo ingalipo. Tangu 1927 inaitwa Liemba, nayo ni miongoni mwa vyombo vilivyowarudisha Uvira Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Kigoma wakati wa vita vya 1996.

Wanaoisimulia hupenda kusema kwamba chombo cha vita kiligeuka kuwa chombo cha huruma. Ni maneno matamu, na kwa sisi wa Goma, ambao mlima wetu ndio uliompa Götzen sehemu ya sifa yake, yana mvuto wa pekee: jina la mvamizi linaishia kuwahudumia waliovamiwa. Lakini ukifuata kazi ya meli hii mwaka kwa mwaka, huoni mahali ilipogeuka. Iliundwa ili kubeba watu wengi kwa mara moja kwenye mwambao usio na barabara, na kazi hiyohiyo ndiyo imeifanya kwa askari, kwa wachuuzi wa dagaa na kwa wakimbizi. Na kilichoifanya iwepo siku wakimbizi walipoihitaji ni ile miaka 70 ya katikati, ambayo hakuna anayeitungia kitabu, wakati ilipokuwa meli ya kawaida ya abiria. Hiyo ndiyo hoja yangu, na inaugusa mtaa wa Majengo hapa Goma kwa karibu kuliko inavyoonekana.

Tuanze na vita. Meli iliundwa katika karakana ya Meyer mjini Papenburg mwaka 1913. Kwanza vipande vyake viliunganishwa kwa boliti, vikakaguliwa kimoja kimoja, kisha vikafunguliwa na kufungashwa katika makreti yapatayo 5,000. Makreti yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliandamana na mzigo huo. Vita vilizuka huku kazi ikiendelea, na waliyoikusudia kuwa meli ya abiria na mizigo ikamaliziwa ikiwa meli ya kijeshi. Pale Kigoma vipande viliunganishwa upya, safari hii kwa ribiti zilizopigwa nyundo zikiwa za moto, kazi iliyofanywa na mafundi wa Kihindi pamoja na mamia ya vibarua wa Kiafrika ambao majina yao hayakuhifadhiwa kama yalivyohifadhiwa yale matatu. Ilishushwa majini Februari 1915, na ilipofika Juni ilikuwa kazini. Baadaye ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Watu hukumbuka mzinga. Kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi lilikuwa nafasi ya watu. Götzen iliweza kuchukua askari 800 au 900 kwa safari moja na kuwashusha popote pwani kabla adui hajapata habari. Anayejua mwambao wa Tanganyika ataelewa maana yake: milima inateremka moja kwa moja majini, na hata leo vijiji vingi havifikiwi na gari. Kuvihamisha vikosi vya ukubwa huo kwa miguu kungechukua majuma na kungehitaji wapagazi maelfu. Upande wa Wabelgiji ndivyo ilivyokuwa. Kampeni yao dhidi ya Wajerumani, iliyoanzia Kivu na Rutshuru mwezi wa Aprili 1916 chini ya Jenerali Tombeur, ikafika Kigali mwezi wa Mei na Tabora mwezi wa Septemba, iliegemea migongo ya wapagazi wanaohesabiwa kufikia 260,000. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijiji vya mashariki mwa Kongo. Huku Kivu hatukuwa watazamaji: Wajerumani walikikalia kisiwa cha Idjwi tangu Septemba 1914, na mpaka kati ya Goma na Gisenyi ulikuwa mstari wa mbele. Ukizilinganisha pande hizo mbili, yule mwenye meli kubwa na yule mwenye vichwa vya watu, unaona thamani ya chombo kile ilikuwa nini.

Sehemu ambayo dunia inaijua ni ile ya Waingereza. Walileta boti mbili ndogo za mota, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town, kisha kwa reli, na sehemu nyingine zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba hadi karibu na mji tunaouita leo Kalemie. Zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916, lakini Götzen yenyewe hazikuthubutu kuikabili. Kisa hiki kimezaa vitabu, na filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 imeazima humo. Sina ugomvi nacho kama kisa cha ushujaa. Ugomvi wangu ni kwamba kimeifanya historia ya meli iishie 1916, kana kwamba iliyofuata ni nyongeza tu.

Na kweli mwaka huo ilielekea kuisha. Ndege za Wabelgiji zenye kutua majini zilikuwa zimeanza kushambulia Kigoma, mzinga mkubwa ulikuwa umeondolewa kwenda vita vya nchi kavu na mahali pake kuwekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga, na reli ilikuwa karibu kukatwa. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Namna walivyofanya inafaa kuangaliwa vizuri. Wale mafundi wa Papenburg waliziloweka mashine kwa grisi nzito, kila sehemu iliyoweza kushika kutu, wakaijaza meli mchanga ili itulie chini, wakaiacha ishuke polepole. Nia yao ilikuwa kuirudia baada ya ushindi. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Baada ya vita Wabelgiji waliiibua, ikazama tena, na mwaka 1924 ikawa zamu ya Waingereza kuitoa majini. Walipozifungua mashine walikuta grisi imefanya kazi yake: mashine na tanuri zilikuwa bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, chini ya serikali ya Tanganyika.

Hapa ndipo wasimulizi wengi huruka hadi 1997. Mimi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jibu. Kwa miongo saba Liemba ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikipita vituo vipatavyo 20. Gati la kufunga meli lipo mahali pachache sana kati ya hapo. Kwingine kote meli husimama mbali kidogo na ufuko, inapiga honi, na mitumbwi na maboti ya mbao yanaifuata, mara nyingi usiku, yakigombea kukaa ubavuni mwake. Mlango wa pembeni unafunguliwa. Abiria wa kushuka wanashuka kwenye boti linaloyumba, wa kupanda wanavutwa mkono, magunia ya dagaa wakavu yanarushwa juu, mananasi yanapita, mtoto anapokezwa kutoka mikono ya mama hadi mikono ya baharia asiyemjua, kisha mama anafuata. Baada ya muda mlango unafungwa na meli inakwenda kituo kingine kufanya hayohayo. Miaka ya 1970 mashine za mvuke zilitolewa na kuwekwa za dizeli, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikarabatiwa tena. Kila mara serikali ilikuwa na sababu ya kuiacha ioze, na kila mara ilionekana kwamba vijiji vya mwambao havina kingine. Nauli za wachuuzi hazikutosha kulipia gharama zote, lakini ndizo zilizofanya kila mtu aone kwamba kuitengeneza hakukwepeki.

Oktoba 1996 vita vilianza upande wa Uvira. Uvira ilianguka, kisha Bukavu, na tarehe 1 Novemba Goma. Watu wa Uvira na Fizi waliingia majini na kuvuka kwenda Kigoma kwa chochote kilichoelea. Huko walipelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka ule, na Lugufu, iliyofuata mapema 1997. Rais Mobutu alipoondoka madarakani mwezi wa Mei 1997, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarudisha waliotaka, na Liemba ikakodiwa. Idadi inayotajwa kila mahali ni zaidi ya wakimbizi 75,000 kwa safari 22 katika miezi mitano. Hesabu hiyo haisimami. Ukigawa unapata zaidi ya watu 3,400 kwa safari, na meli ina nafasi ya abiria 600. Hata tukikubali kwamba ilijazwa mara mbili ya uwezo wake, safari 22 zingebeba watu wapatao 26,000. Kwa hiyo idadi ile kubwa ni ya kazi nzima ya kurudisha watu, iliyofanywa na vyombo kadhaa, na si haki kuipa meli moja. Nasema haya kwa kuwa hadithi nzuri huvutia tarakimu kubwa, na wakimbizi wamekwisha kuonewa vya kutosha bila kuonewa na hesabu pia. Hata wakiwa elfu ishirini na ushei tu, waliorudi kwao kwa meli bado ni watu wengi mno.

Kurudi kwenyewe hakukuwa mwisho. Agosti 1998 vita vya pili vilizuka, na miongoni mwa waliokuwa wameshuka Uvira wakiwa na furaha kuna waliovuka tena ziwa kwenda Kigoma, safari hii kwa maboti madogo. Anayeiita Liemba meli ya ukombozi ajiulize ilimkomboa nani kwa muda gani. Meli inaweza kukufikisha. Kukuwekea amani unakofika si kazi yake, na tusiidai.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa hoja yangu unatoka mwaka 2015. Mwezi wa Aprili Rais Nkurunziza wa Burundi alitangazwa kugombea muhula wa tatu, machafuko yakaanza Bujumbura, na Warundi wakaanza kukimbia. Wengi waliishia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mpakani kabisa, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya ziwa na mlima mkali. Barabara hakuna. Katikati ya Mei walikuwa makumi ya maelfu, Umoja wa Mataifa ukitaja 50,000, wakilala nje na kunywa maji ya ziwa ambalo pia ndilo lililokuwa choo chao. Kipindupindu kilizuka, na kabla Mei haijaisha wagonjwa walikuwa maelfu na zaidi ya watu 30 walikuwa wamekufa. Wachache wenye nguvu waliweza kupanda mlima kwa miguu. Waliobaki, wazee, wajawazito, watoto, wagonjwa, hawakuwa na njia ila maji. Liemba ililetwa, ikasimama mbali na ufuko kwa kuwa gati halipo, na wakimbizi wakapelekwa ubavuni mwake kwa maboti ya mbao, wakavutwa mkono kupitia mlango wa pembeni, watu 600 kwa safari, hadi Kigoma, na kutoka hapo kwa mabasi hadi Nyarugusu.

Isome tena aya ile ya wachuuzi wa dagaa, uone kama kuna tofauti. Mabaharia wale hawakuwa wamefunzwa uokoaji kwa ajili ya dharura ile. Walikuwa wamefanya kazi ya kupokea watoto kutoka kwenye maboti yanayoyumba maisha yao yote, kwenye kila kituo cha ratiba. Wenye maboti walijua jinsi ya kukaa ubavuni mwa meli kubwa bila kupinduka. Utaalamu huo hauletwi kwa ndege pamoja na mahema. Unapatikana pale tu ambapo meli imekuwa ikipita mwaka hadi mwaka kwa ajili ya watu ambao hawajakimbia chochote.

Najua pingamizi la kwanza: bila fedha za mashirika, Liemba isingetia nanga Kagunga hata siku moja. Ni kweli, na mashirika yalifanya kazi ambayo serikali zetu zisingeifanya kwa haraka ile. Lakini fedha hukodi kilichopo. Zingekuta nini kama meli ile ingekuwa chuma chakavu tangu 1985? Si ziwa hili pekee linaloonyesha hivyo. Maelfu ya Wapolandi walioletwa Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakakaa Tengeru, Masindi, Koja na kambi nyingine, walifika kwa bahari kwa kutumia meli na bandari zilizokuwa tayari zinafanya kazi nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka moyoni. Meli iliyopewa jina la mtu aliyewanyima watu chakula mpaka wakafa, iliyobeba askari wa kikoloni, iliyoundwa kwa jasho la vibarua wasiojulikana, je, inastahili kutajwa kwa upendo? Jibu langu ni kwamba upendo huo haumwendei Götzen. Wale mafundi watatu walipaka grisi kwa ajili ya ushindi wa Kaisari, ushindi ambao haukuja. Walionufaika ni wengine. Kuisimulia meli kwa jina la gavana na kwa visa vya mabaharia wa Kizungu ndiko kunakomrudishia Götzen heshima. Kuisimulia kwa abiria wake kunaiweka mikononi mwa wenyewe. Wapo pia wanaosema chombo cha zaidi ya miaka 100 ni hatari na kiwekwe makumbusho. Hao wana sehemu ya haki, na ndiyo maana kilifungwa Kigoma kwa ajili ya ukarabati mkubwa. Lakini kukipumzisha bila kuweka kingine mahali pake ni kuupumzisha mwambao mzima.

Sasa Majengo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi aliagiza mitaa kumi ya Goma ihamwe, na Majengo ikatajwa. Watu wapatao 400,000 waliondoka mjini. Wengi walishika njia ya Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, na umati mwingine ukakimbilia bandarini kutafuta nafasi ya kwenda Bukavu. Ziwa Kivu siku ile lilifanya kazi ambayo Tanganyika imefanya mara nyingi, na lilifanya kwa meli na maboti ya watu binafsi yaliyokuwepo, mengine mazuri, mengine ya mbao yaliyojaa kupita kiasi. Tulipita salama kiasi kwa sababu njia ya Sake ilikuwa bado wazi.

Mwaka 2024 haikuwa wazi. Mapigano na waasi wa M23 yalikuwa yameikata barabara ya Goma na Minova tangu mapema mwaka huo, na chakula, biashara na waliohama makwao vyote vikahamia majini. Tarehe 3 Oktoba boti Merdi, lililotoka Minova likiwa limejaa mno, lilipinduka mita mia kadhaa tu kabla ya kufika bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya waliokuwa wakingoja ndugu zao ufukoni. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja vifo 78.

Mtu atasema Kivu si Tanganyika: ziwa ni dogo, safari ya Goma hadi Bukavu ni ya saa chache, na wafanyabiashara wanaihudumia vizuri bila serikali kuweka mkono. Kwa njia ya Goma na Bukavu nakubali kabisa. Abiria mwenye nauli ana meli za kuchagua. Minova ni habari nyingine, na vivyo hivyo vituo vya Kalehe na vijiji vya Idjwi, ambako anayesafiri ni muuza mihogo na mama mwenye gunia moja la makaa, na faida haitoshi kuvuta meli ya chuma. Huko ndiko kunakobaki maboti ya mbao bila orodha ya abiria wala jaketi za kuokolea. Na barabara zinapokatwa, ni kupitia vituo hivyohivyo watu wanakimbia kuja Goma au kutoka Goma. Chombo kimoja cha umma chenye ratiba, kinachopita Minova na Idjwi kila wiki hata kikiwa nusu tupu, pamoja na gati la kweli Kituku na mtu wa kuhesabu abiria kabla kamba haijafunguliwa, kingekuwa bora kuliko kutafuta miili kila baada ya janga.